Isale la Aikaeli

Jioni, hapa Foo, giza huingia kwa mlango wa jikoni
pamoja na moshi na baridi ya mlima,
nasi huketi kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa,
mtori ukitulia sufuriani,
Anaeli akitafuta miwani iliyo kichwani mwake.
Mimi ndiye huanzisha wimbo,
ingawa sauti yangu, watoto wanajua,
ni ya mtu anayeita mbuzi aliyevuka mto.

Baba yangu alitufundisha kwa fimbo ya mti wa kahawa.
Ukikosea neno moja la sala, ulale na njaa.
Niliapa wangu hawatajifunza hivyo.
Nikaweka maneno mahali pa fimbo,
sijui kama ni mepesi zaidi.

"Mungu anaona," nilisema jioni ile,
maana sukari ilikuwa imepungua koponi
na Elingaya alikuwa na chembe zake shavuni.
Mungu anaona, nikarudia,
kama mtu agongeleaye msumari.

Aikaeli, miaka tisa, hakuinua kichwa.
Alikuwa anabandua tope lililokauka gotini.
"Na Jumamosi kule Mbuyuni, baba, aliona?"

Mtori ulipoa.
Anaeli aliipata miwani, akaivaa, akanitazama.

Jumamosi, soko la Mbuyuni:
bibi mmoja wa Kahe, khanga kuukuu, mkono unaotetemeka,
alinunua parachichi sita,
akanipa elfu kumi akidhani ni elfu tano,
nami nikamrudishia chenji ya elfu tano.
Upesi. Kwa tabasamu. Nikamtakia na baraka.
Mwanangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya tenga
akihesabu parachichi, nilidhani.

Usiku ule sikuomba. Nilisema amina tu,
amina isiyo na kitu mbele yake.

Alfajiri nilikwenda mpakani mwa kihamba,
umande ukinilowesha hadi magotini,
nikakata isale.
Kwetu isale haipelekewi mtoto.
Hupelekewa mkubwa, jirani uliyemla mpaka,
shemeji uliyemtukana msibani,
na akishalipokea hana tena njia ya kukukatalia.
Nilimkuta akifunga kamba za viatu vya shule.
Nikampa kwa mikono miwili.
Alicheka kwanza. Kisha akauona uso wangu,
akalipokea kama apokeaye yai.

Tulishuka Moshi Jumamosi tatu.
Ya tatu tulimpata, penye vitunguu.
Nikaeleza, nikamwekea noti kiganjani.
Hakufoka. Aliketi juu ya gunia.
"Kumbe," akasema. "Kumbe.
Nami nilimchapa mjukuu wangu kwa pesa hii."

Kwa hilo sikuwa na jani.
Nilisimama tu, watu wakinipita na mikungu yao ya ndizi.
Aikaeli ndiye aliyeuliza mjukuu anaitwa nani.
"Nakijwa," akasema bibi.

Basi jioni zetu zina jina moja zaidi.
Aikaeli hulitaja katikati,
baada ya mvua, kabla ya ng'ombe mwenye mimba:
Nakijwa wa Kahe, ambaye hatujamwona.
Sikumfundisha mimi.

Na shina lile la isale alilichomeka nyuma ya jiko.
Elingaya huling'oa kila baada ya siku mbili
aone kama limeota mizizi;
kaka yake hulirudisha, hulishindilia kwa kisigino,
wakagombana mpaka mama yao akaingilia.
Mimi hupita hapo na ndoo ya maziwa, nisiseme neno.
Sauti yangu bado ni ile ya kuita mbuzi.
Sukari bado inapungua.