Msasa wa Ndani

Ukungu wa Tandala haujui kubisha hodi.
Unaingia karakanani kabla yangu,
unakalia benchi, unalowesha maranda ya jana,
nami nausogeza kwa kiwiko kama ndugu aliyezoea.

Mbao za paina. Jana futi sita.
Leo ni futi nne.

Miaka ishirini nimechonga majeneza
kama watu wanavyoyataka: nje yang'ae.
Vanishi mara mbili, vishikio vya dhahabu ya uongo,
msalaba juu ya kifuniko.
Ndani niliacha vibanzi vimesimama.
Nani atachungulia? Nani atarudi kulalamika?
Shuka jeupe husitiri wingi wa dhambi za fundi.

Hadi Juni ile ya sakitu,
viazi vikaungua shambani, majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto,
na homa ya uti wa mgongo ikapita bondeni
ikamchukua Lwitiko wangu, darasa la tatu,
kwa usiku mmoja na nusu.

Nikachonga mwenyewe. Kazi hiyo ningempa nani?
Nilipomlaza, kibanzi kikanichoma
chini ya kidole gumba,
nikajua: hapa ndipo bega lake litakapokaa.
Muda haukuwepo. Nje walishaanza wimbo.
Nikavua koti, nikamtandikia.

Mwinjilisti Tweve akaja na maneno yake safi:
Mungu ana makusudi, baba Lwitiko.
Nikamtazama mdomo
kama mtu anavyotazama msumari unaopinda.
Nilitaka kumwuliza
kama huko juu wameishiwa watoto
mpaka waje kukopa Makete.
Sikuuliza. Nikasema asante, mwinjilisti, karibu chai.

Mwaka mzima sikufungua Biblia.
Kanisani nilikwenda kwa sababu mama yake alikwenda,
nikakaa benchi la nyuma, nililolichonga mwenyewe,
nikahesabu vifundo vya mbao.
Sala zangu zilikuwa nusu matusi.
Naamini zilifika, maana hakuna aliyenirudishia.

Na kibanzi kile hakikutoka.
Kipo. Baridi ikizidi, kinajitangaza.

Kisha, masika, usiku,
akaja kijana wa Chaula, maji yakimchuruzika,
akaonyesha urefu kwa mikono yake:
futi mbili, labda na nusu.
Akabaki na mikono ile hewani, hajui aiweke wapi.

Sikumwambia neno juu ya makusudi.
Nikampa msasa.

Tukakaa, koroboi katikati yetu,
tukasugua ndani, ndani tu,
mpaka mbao ikawa kama shavu.
Karibu na alfajiri akapitisha kiganja pembe kwa pembe,
akitafuta kinachochoma,
akakikosa,
na hapo ndipo kilio kikamtoka, kile cha kweli,
nami nikalia changu cha mwaka uliopita.

Tangu siku hiyo nasugua yote.
Sitozi senti ya ziada. Wengi hawajui.

Sisemi ndiyo maana binti yangu alikufa.
Atakayesema hivyo hapa, nitamwonyesha mlango,
hata akiwa amevaa joho.
Nasema tu kwamba Yule Fundi wa Nazareti,
aliyejua nira ikiwa laini inakuwaje,
mti aliopewa yeye haukupigwa randa.
Vibanzi anavijua kwa mgongo.

Na ziko nyakati, mkono ukifa ganzi,
msasa unakwenda mwepesi kuliko nguvu zangu,
kama kuna mtu ameshika upande wa pili.
Sigeuki kutazama. Naogopa kumkosa.

Ukungu umeanza kupanda kilima.
Futi nne. Jina la mtoto sijaambiwa bado.
Imebaki kona moja,
hii ya begani.