Saa Nane za Usiku

Saa nane, wala si saba, Shekuwe huamka.
Halii. Hukaa akaegemea ukuta,
bega la kushoto chini, la kulia juu,
kama mizani ya duka iliyokosa jiwe moja.
Nampa asprini. Nusu saa haifiki, kalala.

Hivyo, miezi kumi na mmoja.

Mwalimu alisema: ni mkoba, vitabu vimezidi.
Shangazi yake alisema: hayo ni mato ya watu, mfukize.
Nikamfukiza. Akanukia udi, na saa nane akaamka.
Mkandaji wa Langoni alibonyeza mahali pamoja tu,
mtoto wa miaka kumi na saba akamwita marehemu babake.

Daktari Mbodze hakuanza na panauma wapi.
Aliuliza: “Usiku, mama, nini humtuliza?”
Nikatoa mkobani karatasi za vidonge, tupu,
nilizozihifadhi sijui kwa nini.
Akazihesabu mezani, moja moja,
akaweka kalamu chini.

Basi ikawa Mokowe, ikawa Mombasa,
ikawa ile pete kubwa inayokata picha ya mfupa
vipande vipande, kama mkate.
Hapa, akasema. Pingili ya tatu ya kiuno.
Doa, halifiki punje ya dengu,
na mfupa umelizunguka ukawa mweupe, mgumu,
kama chaza na chembe ya mchanga.
“Ni uvimbe. Si saratani. Hausambai.
Unauma tu, na mgongo umepinda kuukwepa.”

Nilimwomba arudie “si saratani” mara tatu.
Ya nne alirudia bila kuombwa.

Dawa yake ni sindano:
ipite ngozini, ifike kwenye doa, ncha yake iwake
dakika sita, picha ikiichunga njia,
maana neva ipo jirani.
Mimi ni mshona kofia. Natoboa vitobo mia
bila kugusa uzi wa pembeni.
Nikauliza: sindano namba ngapi?
Akacheka, akaona sichezi,
akaniletea niione, imo ndani ya karatasi yake.
Nene. Nene kuliko nilivyotaka.

Kofia niliyoishona siku ile barazani pa hospitali
ina mstari uliokwenda kombo. Sijaufumua.

Usiku wa kwanza nyumbani, Shekuwe alilala.
Saa nane niliamka mimi.
Bega bado liko chini; daktari kasema lipeni muda.
Kidakani vimebaki vidonge vinne.
Nikavihesabu, nikavirudisha.