Tundu la Mlangoni

Karakana ya Nolfa Inostroza iko Talcahuano,
juu ya gati zinakoletwa meli za sardini kukwanguliwa kutu.
Mlango wake ni wa mbao nene, umelowa mvua za miaka,
na kwenye ubao wa tatu, usawa wa koo langu, pana tundu.
Siku ya kwanza hakunipa glavu, hakuuliza nimetoka kwa nani.
Alisema: Mireya, tia kidole humo.
Kikazama hadi kiungo cha pili.

Kilichotoboa hapo ni kipande cha diski,
hakizidi ukucha.
Eleodoro aliing'oa kinga ya mashine
kwa sababu, alisema, inamficha mstari wa chaki.
Mstari aliuona barabara.
Kipande cha pili hakikufika mlangoni.

Huku grainda tunaiita mwoka biskuti,
jina la kitoto
kwa kitu kizungukacho mara elfu kumi na moja kwa dakika
na kisichotofautisha chuma na paja.

Kabla ya plagi nilifundishwa kusoma:
pete ya bati katikati ya diski,
yenye mwezi na mwaka, kama pakiti ya maziwa.
Hii imekufa Machi, akasema,
akaikunja ikakatika kama mkate mkavu.
Kasi ya diski isiwe chini ya kasi ya mashine.
Iinue kwenye mwanga, tafuta ufa.
Nywele ndani ya kofia. Skafu ya bibi yako
ibaki msumarini, haina kazi hapa.
Miwani, na juu ya miwani ngao ya uso:
jicho halina duka.

Mikono miwili; mpini wa pembeni si pambo.
Simama kando ya njia ya diski,
maana chuma kikiibana itarudi
na haitabisha hodi.
Ya kukatia ikate tu. Ukiilaza ubavu usugue nayo,
umeiomba ivunjike.
Cheche zipige ukuta, si dumu la petroli,
wala si mbwa.

Niliyajua yote kwa moyo. Kwa moyo, si kwa mikono.

Juni ya mwaka wa pili, saa nane za usiku,
reli za sitaha zikingojwa na nahodha asiyelala,
niliegemeza bomba upande mmoja tu.
Likalemea, likaibana diski.
Mashine ikaruka kama punda aliyeguswa na kaa la moto.
Kinga ikalia: ta!
Mlio mmoja, mkavu.
Vipande vikamwagika miguuni pangu.
Nikageuka kuutazama mlango.
Tundu lilikuwa moja, lile lile.

Nolfa hakunigombeza. Chomoa plagi, alisema,
akachemsha maji, tukanywa mate kimya.
Kisha akaifungua mashine mezani.
Kaboni zimelika, zimebaki unene wa punje ya dengu.
Matundu ya hewa yamejaa vumbi la chuma:
hata hii ina mapafu, akasema, akiyapiga brashi.
Na ule waya niliouzungushia utepe
akaukata katikati, kesho nisishawishike.

Sasa magoti yamempeleka Tomé, kwa dada yake.
Karakana ninayo mimi, na kijana, Belisario,
mwenye haraka kama niliyokuwa nayo.
Jana aliitua grainda mezani ingali inazunguka,
ikatambaa yenyewe kuelekea kikombe changu.
Swichi umezima, nikamwambia,
lakini yenyewe haijakubali.
Nikamshika mkono, nikampeleka mlangoni.

Jumapili Nolfa hupiga simu.
Haulizi afya, haulizi hela.
Kinga?
Ipo.
Tarehe?
Novemba.
Matundu?
Huwa nanyamaza kidogo hapo, nikitazama ubao wa tatu.
Moja, namjibu.
Naye hukata simu.