Daftari la Nyayo

Baba aliliweka juu ya kabati, chini ya mkebe wa gundi:
karatasi za kaki zilizoshonwa kwa uzi wa viatu.
Halina madeni ya mtu. Lina miguu.

Kila mtoto wa Kibokoni aliyeletwa mwezi wa Shaabani
kupimiwa kiatu cha Idi
alisimamishwa juu ya ukurasa.
"Akikaa, mguu nao umelala," baba akisema.
"Sharti abebe uzito wake, ndipo nimsome."
Penseli ikatambaa kandokando ya kisigino,
mtoto akatekenyeka, mstari ukapinda.
Palipopinda, hakufuta.

Huyu ni Saad wa Bi Thureya, unyayo bapa kama chapati.
Huyu Kadzo, mamake akiuza mchicha Marikiti,
vidole vimetawanyika kama tangawizi,
miaka sita ya kutembea peku, na hakuna hata kimoja kilichojikunja.
Hawa pacha wa Ratilal mshona suti:
mmoja mguu wa kushoto umemtangulia wa kulia,
na baba akashona viatu viwili visivyolingana,
asimwambie mtu.

Mbele ya kila kidole gumba aliacha
upana wa kidole chake mwenyewe
na kuandika, kwa khati ndogo: *pa kukulia.*
Kina mama hawakupenda.
"Fundi, mbona champwaya?"
"Mama, mfupa wa mtoto ni kitale, haujafika hata dafu.
Ukiubana hautalia.
Utatii."

Alikuwa akinihadithia huku misumari i mdomoni:
mitalawanda ya nyanyake, mbao tupu na kigingi katikati ya vidole,
ko, ko, ko sakafuni, mwizi hawezi kuvaa;
makubadhi ya ngozi ya mbuzi, yaliyolegea kabla ya mwezi kuandama;
kisha shule zikataka vyeusi vya kufunga,
vyembamba mbele kama mdomo wa chuchunge,
na foleni ya Shaabani ikahamia madukani.

Mganga hajigangi.
Kurasa zangu zinaanzia siku niliyosimama dede
zikaishia miaka saba.
Mwaka ule ngozi ilipanda bei, tukala mkate wa jana.
Mama akaniletea vya mtumba kutoka Kongowea,
vya kung'aa, vina kipepeo cha shaba.
Baba akaniuliza, "Vyakutosha?"
Nikatazama soli ya kiatu chake,
tundu lake, kadi ya sukari aliyoichomeka ndani.
Nikasema vyanitosha.
Nilivivaa miaka miwili.
Kidole changu cha mwisho kilipanda juu ya jirani yake
kama paka juu ya ukuta, na hadi leo hakijashuka.

Jana nilifungua ukurasa wa mwaka ule.
Jina langu lipo. Tarehe ipo.
Mguu haupo.
Pale ambapo kidole gumba kingeishia,
ameandika bado: *pa kukulia.*

Binti yangu Nasra alikuwa akikimbia uani, peku, magoti yana vumbi.
Nimeshampima; sasa akaitaka penseli yeye.
"Simama, mama. Usikae."
Akapiga magoti akanichora, ulimi nje,
kisigino, upinde, gumba, akizunguka polepole,
mpaka alipofika kile kidole.
Mkono ukasita.
"Nikichore hivi hivi?"
Hivyo hivyo.