Mlango

Yhoselin, leo mkono wako wa kushoto unauma
nami tumbo linanikata chini ya kitovu,
basi ndoo tuibebe wawili, polepole.
Upepo wa nyanda hizi hauna adabu,
utatuziba midomo kabla hatujafika kwenye zizi la lama,
kwa hiyo nisikilize sasa.

Bibi yako Gumercinda alikuwa akifua usiku.
Tulidhani ni wazimu wa utu uzima:
nani afuaye usiku, maji yakiganda kwenye karai?
Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoviona vile vitambaa
vimeanikwa nyuma ya lundo la samadi,
vimekakamaa kwa baridi kama ngozi za kondoo,
na doa halikutoka.
Hakusema. Hata kwa padri hakusema.
Tulipomfikisha Oruro, juu ya magunia ya kinoa,
daktari alitazama, akafunika shuka,
akauliza kwa nini tumechelewa.
Kihispania changu kilikuwa cha sokoni:
bei, kilo, punguza.
Sikuwa na neno la kumjibu.

Sisi ni watu wa kukagua milango.
Baba yako hulala na ufunguo wa ghala shingoni,
zizi lina miiba,
hata choo kina komeo la waya.
Mlango mmoja tu hatukuukagua,
mlango wa kizazi,
tuliopitia sote kuja kulilia baridi hii.
Hata jina lake tulilimeza.

Basi alipofika Remedios Calcina kwa pikipiki,
vumbi hadi kwenye kope,
sanduku la chanjo kalifunga mgongoni kama mtoto,
nilicheka: baridi anamletea nani huku,
mahali mbwa huvunja maji ndipo anywe?
Akasema, "Hii dawa ikiganda imekufa.
Kwenu, mama, sanduku ni blanketi."

Apolinar alinong'ona foleni nzima
kwamba sindano hufunga uzazi.
Remedios hakubishana. Alitoa simu,
akamwonyesha binti yake aliyechanjwa shuleni,
na mjukuu, mnene, anakula ndizi.
Ulikuwa wa nne. Hukulia.
Uliitazama ramani ya nchi yetu isiyo na bahari
ukauliza kama itauma sana,
na ilikuwa imekwisha.

Nikasema, nami nidunge basi.
Akatikisa kichwa.
"Sindano humzuia mgeni njiani,
haimtoi aliyekwisha kuvua viatu.
Wewe njoo nyuma ya pazia."

Pazia lilikuwa blanketi la mwalimu, lenye chui-milia.
Nilivua sketi nne, moja baada ya moja,
kila moja na aibu yake.
Tochi. Pamba. Siki,
harufu ya karoti za achari siku ya harusi.
"Tusubiri dakika," akasema,
nami nikayahesabu meno ya chui.

"Kipo kidoa cheupe," akasema, "kama punje ya chumvi.
Bado si saratani."
Alilitamka lile neno zima, bila kushusha sauti.
Kisha kifaa cha betri, kinene kama kalamu ya mtoto,
joto, chini ya dakika,
na mimi nikimwaza mama,
doa lake jekundu lililofichwa miaka,
langu jeupe lililoonekana kwa siki ya dukani.
Nililia hapo. Si kwa maumivu.

Nirudi mwakani. Wewe, baada ya miezi sita.
Nitaziandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa ghala,
baba yako azisome kila asubuhi akitafuta tundu la ufunguo.

Ngoja, tua ndoo.
Jana usiku niliona taa kwa Senobia,
nikasikia maji.
Remedios analala shuleni hadi kesho.
Lama watasubiri.
Tupitie kwake kwanza.