Belo la Makoti ya Baridi

Jumapili, Kibuye, saa mbili, na jua tayari limekaa begani.
Nilikata kamba za belo kwa kisu cha kuparia samaki,
daraja la pili, bei ya kujilaumu usiku,
na kati ya jaketi za nailoni na zipu zilizong'oka meno
mkono wangu ukagusa kitu kilicho hai.
Nikaurudisha.

Kumbe koti.
Kahawia, zito kama mtoto aliyelala,
bitana ya hariri, na ndani ya kola, kwa uzi wa dhahabu,
herufi mbili za mwanamke nisiyemjua: M.L.
Mfukoni, pipi moja iliyogandana na karatasi yake.

"Plastiki hiyo," akasema Obunga wa viatu.
"Paka," akasema mwanawe.
Nikang'oa unywele mmoja, nikawasha kiberiti.
Plastiki huyeyuka, hulia kidogo, huwa shanga nyeusi.
Huu ulijikunja. Ukanuka
kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa Krismasi.
Tukanyamaza sote,
kama watu waliokuja kudai deni wakakuta matanga.

Kisha maneno.

Apondi wa chuo cha Maseno, aliyekuja kutafuta sketi,
akasema koti moja ni wanyama hamsini, pengine sitini,
wazaliwa wa vizimba vya waya
ambao hawakukanyaga udongo hata siku moja.
"Ukiliuza, mama, nawe umo."
Obunga akamtazama miguuni:
"Na viatu hivyo? Ng'ombe alijivua mwenyewe?"
"Ng'ombe tulimla."
"Aa. Basi kosa lao ni kutomaliza sahani."
Soko likacheka. Apondi hakucheka,
wala mimi, ingawa meno yangu yalionekana.

Inyangala akashusha mkokoteni.
Yeye ni wa Shinyalu, huongea mara moja kwa wiki.
"Babu yangu alikuwa na ngozi ya mbega,
nyeusi kwa nyeupe. Aliivaa siku za tohara
na siku ya kumzika mzee wa rika lake. Basi.
Askari wa msitu wakaichukua, wakamwachia karatasi.
Alikufa karatasi ikiwa chini ya mto.
Sasa huyu M.L.,
yeye nani alimwandikia karatasi?"

Hakuna aliyejibu. Mwuza nyanya wa jirani
aliendelea kupanga nyanya zake, nne nne, tano kwa mzoefu.

Nami nilikuwa na hesabu yangu.
Belo elfu kumi na nane, nusu yake mkopo wa chama.
Kuna mama wa Milimani anayesafiri kwenda kwenye theluji
kumtazama mjukuu; huyo angetoa elfu sita bila kukohoa.
Apondi ana haki, nilijua ana haki,
lakini haki yake haikuwa na sare ya kidato cha pili
wala godoro la bweni.

Nikalivaa. Usinicheke.
Joto la Kisumu nje, joto jingine ndani,
na mgongoni nikahisi migongo, midogo, mingi,
imeshonwa ubavu kwa ubavu,
mshono mzuri ajabu, ninausema kama fundi,
mshono ambao huoni mmoja anaishia wapi
na mwenzake anaanzia wapi.

Saa tisa ziwa likatuma mvua bila kubisha hodi.
Kila mtu mbio, turubai, gunia, mwavuli wa kampuni ya simu.
Niliokoa suruali, nikaokoa sweta za watoto.
Koti likabaki kwenye msumari wake.

Maji hayakuliingia.
Yalidunda, yakakusanyika kuwa punje,
yakateleza hadi pindoni, na manyoya yakasimama ncha ncha
kama ya yule fisi-maji niliyemwona Dunga nikiwa mdogo,
aliyeibuka na ngege mdomoni, aking'aa,
akanitazama kama mtu anayejua jina langu.

Apondi alikuwa amejibanza chini ya turubai langu,
sketi kifuani. Hakuuliza bei.
Tulisimama hivyo, mimi na yeye,
tukilitazama koti,
tukingoja lijikung'ute.