Sarafu ya Lifti

Mvua ya Batumi haikuniuliza nilikuwa wapi.
Ilinishukia begani tu, kama ndugu
asiyejua kubisha hodi.

Miezi saba chini ya sitaha, nikila joto na dizeli.
Sasa nina majuma matano ya kuwa mtu wa watu,
kisha Konstansa, kisha popote shehena itakaposema.

Nimesimama mbele ya lifti ya akina Murman.
Jengo lilelile, harufu ileile ya kabichi na paka,
kisanduku kilekile cha chuma
kinachodai chake kabla hakijakupandisha.
Napapasa mfuko: sarafu ya Santos,
tatu za Busan, moja yenye tundu katikati,
nchi yake imenitoka.
Dunia nzima inalia mfukoni mwangu
na hakuna hata senti moja inayojua njia ya ghorofa ya tisa.

Nikarudi uani nikaita kama enzi za utoto:
"Murman! Nitupie!"
Dirisha likafunguka. Hakuuliza nani.
Soksi ya mtoto, ya kijani, ikaja ikizunguka mvuani,
na ndani yake, tetri ishirini.

Tsiala kaandaa maharage ya kupondwa na jozi,
mkate wa jibini, visamaki vya Bahari Nyeusi
vilivyokaangwa mpaka miiba inatafunika.
Gocha, niliyesoma naye ubaharia
hadi tumbo lake lilipokataa katakata,
siku hizi anauza vipuri, ameota kitambi na busara.
Wananiuliza Brazili.
Naijua, nawaambia: lango, mlinzi, duka la kadi za simu.
Na Korea?
Lango, mlinzi.
Wakacheka wakidhani natania.
Fundi wa injini haioni bahari. Huisikia upande wa pili wa chuma,
kama jirani anayesogeza makabati usiku.

Kisha nikamuuliza Gocha, "Mama hajambo?"

Uma zikatua.
Alizikwa Machi. Matanga yalishaondolewa,
jiwe limechongwa, hata ule ugomvi wa shamba la chenza umesuluhishwa.
Ujumbe waliutuma. Uliniendea mahali pasipo mtandao,
ukazama bila kishindo.
Nikampa rambirambi za Machi mwezi wa Oktoba,
naye, kwa hisani yake, akaitafuta huzuni alikokuwa ameiweka,
akaivaa upya kwa ajili yangu
kama koti la mazishi lililokwisha rudi kwa dobi.
Hilo ndilo deni langu kwa watu hawa:
kila msiba wao huulia mara mbili.

Glasi ya nne, Gocha akasimama.
"Kwa walio mbali."
Miaka kumi na moja glasi hii ilikuwa yangu,
nimeogelea humo bila kujua.
Leo nimeketi nje yake, nimeishika kwa mkono,
sijui nimkumbuke nani.
Nikamkumbuka Rodelio, mpaka mafuta wetu, mtu wa Iloilo,
saa hii yuko zamu peke yake
anaipigia pampu mbinja ili isikohoe.
Nikanywa.

Usiku wa manane nikaaga.
Lifti hii hutoza wanaopanda tu. Kushuka ni bure.
Aliyeipanga hivyo hakuwahi kuwa na baharia nyumbani.

Nimefika uani, dirisha la tisa likafunguka tena.
"Soksi! Wewe! Rudisha soksi ya mtoto!"
Nikaipapasa mfukoni. Bado imelowa,
na ndani yake mna tetri ishirini nyingine
ambazo sikuzitia mimi.

Nikajifanya sisikii.
Mvua ikanisaidia.